Mkimbizi hakuhamia popote

Jumamosi iliyopita nilialikwa Kirumba, hapa Mwanza, kutazama filamu fupi ya makala iliyopigwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Mama mmoja wa Kivu ya Kusini amekaa nje ya nyumba ya matofali ya udongo, anasema, "Tulikimbia usiku." Chini ya uso wake yanatokea maandishi: mhamiaji kutoka Kongo. Taa zilipowashwa, kila aliyeshika maiki akawa anasema wahamiaji, wahamiaji. Ni filamu ya tatu mwaka huu yenye kosa hilohilo.

Maana zenyewe ni fupi. Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa sababu akibaki au akirudi atadhurika. Mkataba wa Geneva wa 1951 unataja mateso kwa ajili ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 ukaongeza uvamizi, kutawaliwa na wageni na machafuko makubwa. Mhamiaji ni aliyekwenda kuishi kwingine, iwe kwa kazi, masomo au ndoa.

Utamu uko kwenye maneno yenyewe. Kuhama ni kuondoka. Kuhamia ni kuondoka kwenda mahali, na mahali hapo lazima pajulikane: amehamia Buhongwa, amehamia Geita. Kwa hiyo mhamiaji amebeba mwisho wa safari ndani ya jina lake. Toa ile i upate mhamaji, naye ni mtu mwingine kabisa: hana pa kutulia, kama wavuvi wetu wanaotoka mwalo hadi mwalo, mara Goziba, mara Ukara, wakifuata dagaa. Nimesikia hata hao wakiitwa wahamiaji. Herufi moja imewapa makao wasiyo nayo.

Mkimbizi je? Wengi hudhani limetoka kwenye kimbiza kwa sababu ya ile z, na nimemsikia mwalimu akifundisha hivyo. Si kweli. Vitenzi vingi vyetu vinavyoishia na irabu mbili vilikuwa na l katikati, l ambayo bado inajitokeza tunaposema nunulia, okolea, kimbilia. Ikikutana na i ya mtendaji inageuka z: nunua, mnunuzi, okoa, mwokozi, lea, mlezi, kimbia, mkimbizi. Ni yeye anayekimbia. Lingetoka kwenye kimbiza, mama yule wa Kivu angekuwa ndiye anayewatimua wenzake!

Tena angalia kisichokuwemo. Anayekimbilia ana mahali anapopataka, ndiyo maana tuna neno kimbilio. Mkimbizi hakutokana na kimbilia. Ndani ya neno hilo hamna Tanzania, hamna Ulaya, hamna mji wowote. Kuna mgongo tu, na kitu kilichoko nyuma yake.

Hili linageuza filamu nzima. Pale Kirumba, bwana mmoja, mtu mwungwana kabisa, aliuliza: "Huyu mama alifuata nini huku?" Mama alikwisha kujibu, dakika ya kwanza. Swali lile lililetwa na maandishi, kwa kuwa mhamiaji lazima awe amefuata kitu. Na sheria nayo haiwachukulii sawa: mhamiaji asiye na kibali anaweza kurudishwa kwao, ilhali Mkataba wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, huku Mto Kagera ukileta maiti mpaka Ziwa Victoria. Hakuna aliyewauliza wamefuata nini.

Nakubali kwamba neno mkimbizi nalo lina mahali linapobana. Nyarugusu ipo tangu 1996. Kuna watu wazima waliozaliwa mle, hawajawahi kukimbia hata hatua moja, na jina wamelirithi. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wa Warundi waliokimbia 1972, kule kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, hadi zaidi ya watu 160,000 walipopewa uraia wa Tanzania kufikia 2014. Kwa hao ningeandika tu "amezaliwa kambini". Mhamiaji hata hapo halifai, hajahamia popote.

Na filamu za boti za Mediterania, ambamo mkimbizi na mtafuta kazi wamekaa ubao mmoja? Msimulizi aseme "watu waliomo botini" mpaka mmoja wao aeleze mwenyewe kilichomtoa kwao.

Mdogo wangu uliyetengeneza ile filamu, umepiga picha nzuri, na ulivyomwacha yule mama anyamaze bila kumkatiza kumenigusa sana. Maandishi unaweza kuyabadilisha kwa dakika chache. Yeye mwenyewe amesema "tulikimbia". Andika mkimbizi.