Sera ya afya huanzia zahanati ya kijiji

Ukitaja sera ya afya, wengi hufikiria Dodoma: wizara, Bunge na wataalamu wenye makabrasha yao. Huko ndiko sera inakopitishwa. Lakini mipango miwili inayomgusa sana mgonjwa wa kijijini Tanzania ilijaribiwa kwanza mahali pamoja, ndipo ikaenea nchini. Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya hiari ya kaya, ulianzia wilaya ya Igunga mwaka 1996. Utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji mmoja wa dawa kwa mkoa mzima, ulianzia mkoa wa Dodoma mwaka 2014.

Huu wa mshitiri hauzungumzwi vya kutosha. Zahanati huagiza dawa Bohari ya Dawa, ghala la serikali. Zamani dawa ikikosekana huko, kila kituo kilihangaika kivyake kutafuta muuzaji, na bei ilikuwa ile atakayoitaja. Dodoma ikaamua vituo viunganishe mahitaji yao, na mkoa mzima upate kwa zabuni muuzaji mmoja aliyehakikiwa, kwa bei iliyokubaliwa mapema. Tatizo lilijulikana vizuri na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na mgonjwa anayeambiwa "kanunue nje", na jibu lilipatikana karibu nao. Baadaye mikoa yote ikaufuata.

Hilo ndilo lililokusudiwa katika mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata, katika Kazakhstan ya sasa, Septemba 1978, nchi 134 zilipokubaliana juu ya huduma ya afya ya msingi. Azimio lile linasema wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Tanzania ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao.

Misingi mingine ya azimio ni usawa, teknolojia ambayo jamii inaimudu, na sekta kufanya kazi pamoja. Huo wa mwisho ndio tunaousahau mno. Mtoto anayeharisha hupewa ORS na zinki, akapona, kisha akarudi baada ya wiki chache kwa sababu kisima cha nyumbani kwao kiko wazi na mifugo inakunywa humo humo. Mganga hawezi kuandika dawa ya kisima. Anayeweza ni kijiji kikikaa na watu wa maji.

Je, mwananchi anaingilia wapi? Kila zahanati inapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na mganga mfawidhi ndiye katibu wake. Si kamati ya heshima tu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayojadili mpango na matumizi. Dawa zikifika, wajumbe hushuhudia maboksi yakifunguliwa na kuhesabiwa, zikilinganishwa na hati ya mzigo. Mjumbe asiyejua kusoma hati hiyo afundishwe; kumwacha asaini bila kuelewa ni kukinyang'anya kijiji chake nafasi yake.

Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona kamati zinazoitwa tu pale saini inapohitajika, na wanakijiji wasiowajua wajumbe wao kwa majina. Hata wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, watabaki wapeleka taarifa tu iwapo wanayoyaona majumbani hayajadiliwi na kamati hiyo.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ulizeni: kituo kimepokea fedha kiasi gani? Zimenunua nini? Dawa zipi zilikosekana, na kwa muda gani? Mpango wa mwaka ujao una nini kwa wajawazito wa vitongoji vya mbali? Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo hoja inayoletwa Juni imechelewa. Ileteni mapema, na msiondoke mkutanoni kabla mtendaji hajaiandika kwenye muhtasari, kwani ni muhtasari huo unaokwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata na kisha halmashauri.