Kupanga insha ya uhakiki: acha kuisimulia hadithi upya

Nimesahihisha insha nyingi za fasihi za sekondari, na kinachowapotezea wanafunzi alama kuliko sarufi au mwandiko ni kusimulia. Swali linauliza mwandishi ametumiaje mandhari kudhihirisha upweke wa mhusika mkuu. Jibu linakuja kurasa tatu za "kisha akaenda, halafu wakagombana, baadaye akarudi." Msahihishaji ameshaisoma riwaya hiyo. Anataka kujua wewe umeona nini ndani yake.

Asiyepanga lazima atasimulia, kwa sababu mfuatano wa matukio ndio mpango pekee alionao, na huo ni wa mwandishi.

Anza na swali. Pigia mstari kitenzi cha maagizo. "Thibitisha" maana yake msimamo umeshapewa na kazi yako ni kuutafutia ushahidi. "Jadili" inakuruhusu kukubali, kupinga, au kukubali kwa masharti. "Linganisha" inataka kazi zote mbili zikutane ndani ya aya, si nusu ya insha kwa hii na nusu kwa ile. Kisha zungushia dhana kuu. Ukiulizwa upweke, usijibu huzuni.

Walimu wengi husema tunga msimamo kwanza, halafu tafuta ithibati. Mimi naona kinyume chake ndiyo njia salama. Kusanya kwanza sehemu sita au saba zinazogusa swali, andika ukurasa na maneno yaliyokushtua, kisha uziangalie kwa pamoja. Msimamo uliotungwa kabla ya ushahidi huwa mpana mno, na hauna anayeweza kuubishia.

Tuchukue riwaya ya kubuni. Zuhura anaishi na baba yake mkali. Mwanzoni dirisha la chumba chake liko wazi na sauti za watoto zinaingia. Katikati tunasoma: "Zuhura alilifunga dirisha taratibu." Karibu na mwisho: "Dirisha likapigiliwa misumari." Msimamo dhaifu utasema mwandishi ametumia mandhari kwa ufanisi mkubwa kuonyesha upweke wa Zuhura. Nani atakataa? Sasa soma huu: "Kupitia dirisha, mwandishi anaonyesha kwamba Zuhura alianza kujitenga mwenyewe kabla upweke haujawa kifungo." Hapo pana ubishi, maana wasomaji wengi watamlaumu baba moja kwa moja.

Angalia pia jinsi msimamo huo unavyopanga aya. Hulazimiki kufuata sura. Unaweza kuanza na misumari, kwa sababu ndiyo inayomfanya msomaji amwone baba kuwa ndiye mfungaji, kisha urudi nyuma kuonyesha kwamba mkono wa kwanza kulifunga dirisha ulikuwa wa Zuhura. Aya ya tatu ishughulikie dirisha lililo wazi: alichokuwa nacho, na kwa nini alikiacha. Mpangilio huo ni wako.

Ndani ya aya, sentensi ya kwanza ibebe hoja. "Zuhura anafunga dirisha usiku" ni tukio. "Zuhura anajitenga kabla hajakatazwa na yeyote" ni hoja. Nina jaribio moja ninalowapa wanafunzi: soma sentensi za kwanza za aya zako zote mfululizo. Zikisikika kama muhtasari wa riwaya, rudi kwenye mpango.

Dondoo liwe fupi, maneno matano au sita yaliyoshonwa ndani ya sentensi yako. Ufafanuzi ndio uwe mrefu, na hapa ndipo alama zilipo. Katika dondoo la kwanza Zuhura ni mtenda, na "taratibu" inaonyesha hana hasira wala haraka, ni uamuzi. Katika la pili kitenzi kimeingia kauli ya kutendwa na mtenda ametoweka. Tunadhani ni baba, lakini msimulizi hasemi. Kwa nini amfiche? Mwanafunzi akiliuliza swali hilo na kulijibu, ameshaingia kwenye uhakiki. Anayeandika "hii inaonyesha upweke" na kuhamia aya nyingine ameliacha dondoo lijieleze lenyewe.

Ushairi una mtego wake, nao ni hesabu. "Shairi hili ni tarbia, lina mizani 16 kila mshororo, vina ni hivi na hivi." Sawa, umehesabu mishororo minne ya kila ubeti, silabi zake na vina vyake, yaani silabi zinazofanana. Lakini kama shairi ni la msuko, yaani kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti) ni kifupi kuliko mingine, na hapa kimekatwa hadi mizani 8, niambie ukatizo huo unafanya nini. Ikiwa mishororo mitatu inaeleza ahadi ndefu na wa nne unakatika njiani, basi umbo lenyewe linasema ahadi haikufika. Ukienda hivyo, fani (umbo na lugha) na maudhui (yanayosemwa) havihitaji sehemu mbili tofauti za insha.

Utangulizi sina mengi ya kuusemea: taja kazi, gusa swali, toa msimamo. Sentensi tatu au nne zinatosha. Tafadhali usianze na "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha..." kama hujaulizwa fasili ya fasihi.

Ukiwa na dakika 45 za mtihani, kumi kwa mpango si nyingi. Tenga tano za mwisho kwa kusoma ulichoandika. Muda ukikubana, punguza idadi ya hoja, usipunguze ufafanuzi: hoja mbili zilizochimbwa zinazidi tano zilizotajwa tu. Na hitimisho lisirudie msimamo neno kwa neno. Jibu swali ambalo insha yako imeliibua, kwa mfano: ikiwa Zuhura ndiye aliyeanza kufunga dirisha, baba anabeba lawama kiasi gani?