Kufagia ufuo si uraia wote: kufundisha uraia kwa jambo moja la mtaani hapa Lamu

Ukiuliza shuleni somo la uraia limefanyiwa nini muhula huu, mara nyingi utaonyeshwa picha: watoto wamevaa sare, magunia mkononi, wakiokota chupa ufuoni. Ni kazi njema na siipingi. Lakini wiki haiishi, chupa zimerudi palepale, na hakuna mwanafunzi awezaye kusema taka za mtaa wake huzolewa na nani, kwa fedha zipi, zikitengwa na nani na mwezi gani. Mtoto aliyefundishwa kuokota bila kufundishwa kuuliza amepata nusu ya somo, tena ile nusu rahisi.

Katika mtaala wetu, uraia ni mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. Umilisi ni jambo unaloweza kulitenda, kwa hiyo kukariri Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya 2010, ile ya maadili ya kitaifa, hakuupimi. Rai yangu kwa walimu wenzangu wa gredi za 7 hadi 10 ni hii: chukueni jambo moja dogo la mtaani, mlifuate kwa njia zilizowekwa na sheria mpaka lipate jibu, liwe la ndiyo au la hapana. Jambo moja tu. Hapa nitatumia taka za ufuoni kuwa mfano, kwa kuwa kila mtoto wa kisiwani anazijua.

Anzeni kwa kupima. Pimeni ufuo mita 100 kwa kamba, pigeni vigingi viwili kila mwisho, na mgawe darasa katika vikundi vya watu watano au sita. Kila kikundi kiwe na ndoo ya lita 20, glovu na jedwali la aina za taka: chupa za plastiki, mifuko na vifungashio, kamba na nyavu, ndara, nepi, na mabaki ya jikoni. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki inatosha kupimia uzito. Sindano na vioo havishikwi na mtoto. Kikundi kinaweka alama tu, mwalimu anakuja.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hupima mara moja, siku iliyowafaa, kisha wakaandika hitimisho. Ukipima baada ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, utakuta mzigo ulioletwa na bahari: kamba za uvuvi, ndara zilizoota vidude vya baharini, chupa zenye maandishi ya nchi za mbali. Ukipima wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, sehemu kubwa ya unachokiona imetoka majumbani na madukani. Hizi ni taka mbili tofauti, na zina majibu mawili tofauti. Pimeni basi mara tatu ndani ya siku 15, bamvua ya mwezi mwandamo, maji mafu, kisha bamvua ya mwezi mpevu, na mzitenge zilizotoka baharini na zilizotoka mtaani. Siku za bamvua maji hukupwa hapa kwetu katikati ya asubuhi, ndani ya saa za shule. Siku za maji mafu hukupwa alasiri, kwa hiyo wazazi waarifiwe mapema. Andikeni pia kama ni msimu wa upepo wa Kusi au wa Kaskazi, maana darasa la mwaka ujao halitaweza kulinganisha takwimu zake na zenu bila hilo.

Halafu lije swali la nani anawajibika. Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba, ambalo limegawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na kaunti. Kuzoa taka na majaa ni kazi ya kaunti. Chekechea, zahanati, masoko na taa za barabarani pia ni za kaunti. Walimu wa msingi na sekondari, polisi na vitambulisho ni vya Serikali ya Kitaifa. Waache wanafunzi walisome jedwali lenyewe badala ya kuwasomea, kisha uwape jambo gumu kama gati. Kaunti imepewa vivuko na bandari, lakini si usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa, na gati nyingine zimejengwa na mashirika ya kitaifa. Mwanafunzi anayegundua kwamba jibu linaweza kugawanyika anajifunza zaidi kuliko yule aliyepata jibu kwa mara moja. Barua nyingi za wananchi hufia kwenye meza ya ofisi isiyohusika, na mwenye barua akabaki akiamini kwamba amedharauliwa.

Wajibu hauko upande mmoja. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inamtaka kila mtu atenge taka zinazooza na zisizooza palepale zinapotoka. Kabla darasa halijaiandikia kaunti, kila mwanafunzi aangalie nyumbani kwao kwa siku saba: je, maganda na mabaki ya chakula yamo gunia moja na nepi na plastiki? Zinapelekwa wapi, na mkokoteni au punda huja siku gani? Matokeo yaandikwe bila majina ya nyumba. Barua inayosema "nyumba 9 kati ya 32 zinatenga taka, nasi tumeanza kuzungumza na hizo 23 nyingine" inasomwa kwa heshima nyingine kabisa kuliko barua ya malalamiko matupu.

Sasa karatasi yenyewe. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza namna. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ila gharama ya kunakili inaweza kudaiwa. Si lazima kueleza sababu. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anasaidiwa na afisa ambaye anapaswa kuliweka ombi lake katika maandishi. Wafundisheni wanafunzi hili, maana wana nyanya na babu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 ombi likiwa kubwa. Ikiwa habari iko ofisi nyingine, ombi linahamishwa ndani ya siku 5. Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo unaweza kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Uzito wa barua uko katika swali. "Kwa nini hamzoi taka?" si ombi la habari, ni shutuma, na itajibiwa kwa hotuba. Ulizeni hivi: "Katika mwaka wa fedha uliopita, wadi ya Mkomani ilitengewa shilingi ngapi za kuzoa taka, na kiasi gani kilitumika kufikia 30 Juni?" Kisha: "Ratiba ya kuzoa taka katika wadi hii ni ipi, na nakala yake inapatikana wapi?" Maswali mawili, yasizidi matatu. Yakiwa kumi, ofisi ina sababu nzuri ya kuchelewa. Tumieni sanduku la posta la shule, wala msiweke nambari ya simu ya mtoto. Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili irudi na muhuri na tarehe. Nakala isiyo na muhuri haina nguvu, kwa sababu siku 21 hazina mahali pa kuanzia.

Tarehe ndizo zinazowashinda hata watu wazima wenye elimu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti haianzi hapo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, ukiwa unahusu mwaka utakaoanza Julai inayofuata. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoamua kila idara itapata mgao gani, unafika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe yanafika kufikia 30 Aprili, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Anayesimama Juni kuomba mapipa ya taka amekuta chungu kishapakuliwa. Kwa hiyo muhula wa kwanza ndio wa kazi hii: kupima na kuandika ombi la habari katika wiki tatu za mwanzo za Januari, ili jibu lije kabla mkakati wa fedha haujafungwa. Kisha mwishoni mwa Aprili na Mei, Bunge la Kaunti linapokusanya maoni juu ya makadirio, darasa linapeleka maoni yake kwa Karani wa Bunge.

Maoni hayo yawe ukurasa mmoja. Juu, jina la waraka mnaoutolea maoni na mwaka wake wa fedha. Chini yake, mlichokipima, kwa tarakimu. Kisha mnachokiomba, kikiwa na mahali na idadi: "mapipa 4 yenye vifuniko, mawili karibu na gati na mawili njia ya sokoni, na siku ya kuyamwaga". Mwisho, mtakachokifanya nyinyi. Ombi lisilo na idadi wala mahali haliwezi kuingizwa kwenye bajeti hata na afisa anayelitaka. Si kila mwananchi anaweza kufika kikaoni, lakini maandishi yanafika, na yanabaki kwenye kumbukumbu.

Kwenye mkutano, msemaji mmoja apewe dakika mbili, na mazoezi yafanyike darasani kwa saa, mbele ya wenzake wanaomkatiza kwa maswali. Wasichana wazungumze wa kwanza kwenye mazoezi na kwenye zamu. Mikutano yetu ina desturi ya maikrofoni kuzunguka upande wa wanaume mpaka muda ukaisha, na darasa likiiga desturi hiyo, limeifundisha. Mtu mwingine aandike: nani aliitisha mkutano, tangazo lilibandikwa lini na wapi, waraka uligawiwa au la, lugha gani ilitumika, nani aliahidi nini.

Uandishi huu wa kumbukumbu nausisitiza kwa sababu Lamu inao mfano wake. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi, ulipewa leseni ya mazingira mwaka wa 2016. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira liliifuta leseni hiyo, baada ya rufaa iliyopelekwa na shirika la Save Lamu na wenzake. Hoja kubwa ilikuwa ushirikishaji wa wananchi. Mikutano ilifanyika, hilo halikukanwa. Lakini baraza liliona kwamba mikutano ya utangulizi, kabla watu hawajapewa matokeo ya utafiti, haitoshi kuitwa ushirikishaji. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zilitaka mabango, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo la redio, na mikutano isiyopungua mitatu. Mwape wanafunzi masharti haya manne, kisha mwaulize: ungethibitishaje kwamba sharti limetimizwa, au halikutimizwa? Wataona wenyewe kuwa shauri kama hili husimama juu ya tarehe, orodha za mahudhurio na kumbukumbu za nani aliambiwa nini. Mfundisheni mtoto kesi hii kama somo la ushahidi. Akiwa na maoni yake kuhusu makaa ya mawe, ni yake, na mwalimu asimpime kwa maoni hayo.

Mambo mengine huharibika kimyakimya. Mwalimu huandika barua mwenyewe ili "iwe nzuri". Hapo kilichopimwa ni Kiswahili cha mwalimu. Darasa huchagua jambo kubwa mno, kama ajira au usalama wa kaunti nzima, likakwama wiki ya pili. Mwanasiasa husikia kuna kazi nzuri shuleni akaja na fulana na kamera. Mwalimu mkuu aweke mapema, kwa maandishi, kwamba viongozi wote wa wadi wanaalikwa siku moja au hakuna anayealikwa. Na mikutano huitishwa saa ambazo mashua za Kizingitini au Ndau haziwezi kufika na kurudi mchana kweupe. Hili la mwisho si kosa la darasa, na ni halali kuliandika kwenye maoni: tunaomba kikao kingine upande wa Lamu Mashariki, kwa tarehe inayozingatia maji.

Kwenye kupima kazi ya mwanafunzi, msitoe alama kwa sababu kaunti imekubali. Kukubali si kazi ya mtoto. Toeni alama kwa mambo yanayoonekana: je, anaweza kutaja ofisi inayohusika na kifungu kinachosema hivyo? Takwimu zake zinaweza kurudiwa na mtu mwingine? Barua ina swali linalojibika? Alipopata jibu asilolipenda, alilisoma mpaka mwisho na kuandika hatua inayofuata, au alirudi kulalamika? Hili la nne mimi hulipa uzito kuliko yote.

Kila kitu kiingie kwenye faili moja la karatasi, likae kwa mwalimu wa Masomo ya Jamii: majedwali ya kupimia pamoja na tarehe za mwezi, nakala yenye muhuri, jibu la ofisi au hesabu ya siku zilizopita kimya, ukurasa wa maoni, na kumbukumbu za mkutano. Bajeti ikishapitishwa mwishoni mwa Juni, wanafunzi wawili watafute ndani yake kipengele walichokiomba na waandike nambari ya ukurasa, au waandike kwamba hakimo. Januari inayofuata faili linakabidhiwa gredi inayoingia, na kazi yao ya kwanza ni kwenda kuhesabu mapipa yapo mangapi.