Baba si Baba Kila Mahali

Mrusi akisema *baba*, hamtaji mzazi wake wa kiume. Anamtaja mwanamke, tena mara nyingi kwa dharau. Mbulgaria akitamka neno hilo hilo anamwita bibi yake. Mjapani naye anaweza kuwa na maana ya bi kizee au uwanja wa farasi, na hapo bado hatujafika Ufaransa. Lakini kwa Mturuki, Mchina na Mshona, baba ni baba kama kwetu.

Kishona hakishangazi, maana ni Kibantu kama Kiswahili. Kituruki na Kichina, hata hivyo, hazina undugu nasi wala undugu unaojulikana baina yao. Wapo wanaoshika mfano huu na kudai kwamba umethibitisha lugha zote zilitoka tumbo moja. Hoja hiyo haina miguu. Undugu wa lugha haupimwi kwa neno moja linalofanana, bali kwa tofauti zinazojirudia kwa utaratibu. Tazama *t* ya Kiswahili inavyokutana na *th* ya Kizulu: tatu ni *-thathu*, tuma ni *thuma*, tunga ni *thunga*, yaani kushona. Ukiona tofauti moja inajirudia hivyo neno baada ya neno, hapo una ukoo. Kufanana kwa neno moja tu kunaweza kuwa na sababu nyingine kabisa.

Kwa neno baba, sababu kubwa ni mdomo wa mtoto mchanga. Kati ya miezi sita na kumi hivi, watoto wengi huanza kurudiarudia silabi: bababa, mamama, dadada. Sauti *b*, *p* na *m* hutoka kwa kufunga midomo na kuiachia, na *a* haidai zaidi ya kinywa kuwa wazi. Kwa wakati huo mtoto hajamwita mtu yeyote, anacheza na sauti tu. Wazazi ndio wanaosikia wameitwa, wakafurahi, wakalirudia neno, na lugha ikalipokea. Jambo hilo limetokea mara nyingi, sehemu nyingi, bila jamii moja kuiga nyingine.

Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza suala hili mwaka 1959, akitumia maneno 1,072 ya kuwaita wazazi yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Peter Murdock. Katika maneno ya mama, asilimia 55 yalikuwa na sauti za puani kama *m* na *n*. Katika ya baba, asilimia 15 tu. Maelezo ya Jakobson yalikuwa mepesi: mtoto anayenyonya ana kinywa kilichojaa, na mguno pekee unaoweza kumtoka hupitia puani. Baadaye anaguna vivyo hivyo akitaka ziwa, au akimtaka mwenye ziwa.

Hayo ni mwelekeo, si sheria. Katika Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia huko Kaukazi, *mama* ndiye baba na *deda* ndiye mama. Kwa Wapitjantjatjara wa Australia pia *mama* ni baba, na *papa* ni mbwa.

Sasa ziondoe lugha za watoto, ubaki na bahati tupu. Kile kiwanja cha farasi cha Kijapani kimeundwa kwa vipande viwili, *ba* ya farasi na *ba* ya mahali, ndiyo maana sehemu moja ya Tokyo inaitwa Takadanobaba. Ni jina la ukoo pia: mwanamieleka mashuhuri Giant Baba hakuwa akijiita baba wa mtu. Katika Kiaramu, lugha ya kale ya Mashariki ya Kati, *baba* ni lango. Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, ina vitabu vitatu vinavyofuatana, Baba Kamma, Baba Metzia na Baba Batra, yaani lango la kwanza, la kati na la mwisho; hapo awali vilikuwa kitabu kimoja kirefu. Anayejua Kiarabu atalitambua neno *bab*, na safari hii kufanana si kwa bahati; lugha zote mbili ni za Kisemiti.

Kifaransa kimenifurahisha kuliko zote. *Baba* moja ni keki iliyolowekwa katika ramu, na jina lake lilitoka Poland, ambako *baba* ni mwanamke mzee. *Baba* nyingine ni hali ya kuduwaa, mdomo wazi. Ya tatu iko katika *baba cool*, jina la wale vijana wa nywele ndefu wa miaka ya 1970, na hiyo ni *baba* ya Kihindi anayoitwa mzee au mtu wa dini. Tahajia ni moja, asili tatu. Wanaisimu huita hali hiyo homonimia: maneno mbalimbali yaliyogongana umbo.

Isichanganywe na polisemia, ambapo neno ni moja ila maana zake zimetawanyika. Mturuki anaiita *baba* pia nguzo nene ya bandarini ya kufungia kamba za meli. Ni neno lile lile la mzazi lililopanuka. Waarabu wengi humwita mtoto wao "baba", kama Mswahili anavyomwambia mwanawe mdogo "njoo baba". Mtoto hajawa mzazi. Neno limegeuzwa tu kuwa la kubembeleza.

Kiswahili nacho kina mgongano wake. Papa wa baharini ni neno letu wenyewe. Papa wa Roma alikuja kupitia Kilatini kutoka Kigiriki *pappas*, neno la kumwita baba. Waarabu, kwa kukosa sauti *p*, humwita *al-Baba*.