Brashi ya Kijapani na amani: dhana na ukweli

Dhana: Shodo, sanaa ya Wajapani ya kuandika kwa brashi na wino, ni ya amani kwa asili yake.

Ukweli: Brashi humtii anayeishika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jamaa na majirani waliandika kwa brashi hiyohiyo majina yao na dua za ushindi juu ya bendera walizokabidhiwa askari wanaokwenda vitani. Utulivu wa mwandishi haukuambii anaandika nini.

Dhana: Kazi ya shodo inayotetea amani ni neno "amani" lililoandikwa kwa madaha.

Ukweli: Neno hilo huandikwa sana, tena vizuri. Lakini mtazame msanii wa shodo Inoue Yūichi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya Yokokawa, Tokyo, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 zamu ilikuwa yake, ndege za Marekani aina ya B-29 zilipoushukia mji kwa mabomu ya moto. Watu waliokimbilia shuleni humo waliteketea kwa wingi; yeye akanusurika. Mwaka 1978, miaka 33 baadaye, aliyaandika aliyoyaona. Herufi zimesongamana, nyingine zimevimba kwa wino, mistari inayumba. Anayetafuta urembo hapo ataondoka mikono mitupu. Kwangu mimi, karatasi ile inaipinga vita kuliko mabango yote ya njiwa.

Dhana: Asiyesoma Kijapani haambulii kitu.

Ukweli: Kwa kazi ya Inoue kuna ukweli kiasi, maana ni masimulizi; bila tafsiri utakosa mengi. Lakini "Hōkai" ya msanii mwingine wa shodo, Teshima Yūkei, yaani "Kuporomoka", ya mwaka 1957, ni herufi mbili tu, na mistari yake ya brashi inaegemea na kuanguka kama kuta. Teshima alikuwa ameiona Tokyo ikiwa magofu.

Dhana: Hayo ni ya kizazi cha vita, yamekwisha.

Ukweli: Tangu 1995, Wajapani hupiga kura kuchagua herufi moja ya mwaka, na kila Desemba huandikwa kwa brashi kubwa mbele ya kamera katika hekalu la Kiyomizu, Kyoto. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraini, iliyochaguliwa ilikuwa "vita". Ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa 2001.