Bata mzinga aliyesimama mlangoni anataka nini?

Kila mwaka, theluji ikianza kuyeyuka, napigiwa simu inayofanana na ya mwaka uliotangulia. Safari hii alikuwa mama mmoja Mkongomani, aliyetoka Springfield na kuhamia kwenye kijiji cha vilimani huku magharibi mwa jimbo la Massachusetts, Marekani. "Papa, hizi dindo ziko nje ni za nani? Zimekata barabara, basi la watoto limesimama." Nikamwuliza ni wangapi. Akahesabu kumi na saba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mmoja yuko kando ya gari lake na analipiga kwa mdomo.

Hawana mwenyewe. Ni bata mzinga wa mwituni, na kuwafuatilia ndiyo kazi yangu. Nilifunzwa uhifadhi wa wanyamapori Mweka, chini ya Kilimanjaro, na ndege niliowajua kwanza ni kanga na kwale. Nilipofika huku sikupata shida kubwa kumwelewa bata mzinga, kwa sababu mambo yake mengi ni ya kanga. Mchana yuko chini anachakura, usiku yuko juu ya mti, na wakati wote yuko na wenzake.

Tuliokulia Afrika Mashariki tunamjua bata mzinga wa kufugwa, mnene, mzito, anayezunguka banda. Huyu wa mwituni ana miguu mirefu na mwili mwembamba, na manyoya yake ni ya rangi ya shaba, jua likiyapiga yanatoa kijani na zambarau. Dume mzima hufika kilo 7 hadi 11, jike ni kama nusu yake. Anakimbia hadi kilomita 40 kwa saa, na akishtuka huruka moja kwa moja hadi juu ya msonobari. Mtu aliyemzoea yule wa bandani haamini macho yake.

Watu huniuliza kama wamepotea njia. Hawajapotea. Bata mzinga anahitaji msitu na uwazi kwa pamoja. Msituni anapata miti mirefu ya kulala na mbegu za mwaloni, kwenye uwazi anapata panzi, majani machanga na punje zilizobaki shambani. Sasa tazama kijiji cha huku kilivyo: nyumba moja, ukoka, kipande cha msitu, shamba la mahindi, nyumba nyingine. Alfajiri wanashuka mitini, wanapita uani kwako, wanavuka barabara, jioni wanarudi kwa njia ileile. Njia hiyo ni yao ya kila siku, wewe umejenga juu yake.

Ila kuna kipindi kirefu ambacho njia hiyo ilikuwa tupu. Wakulima walikata misitu, wawindaji wakamaliza waliobaki, na bata mzinga wa mwisho wa Massachusetts aliuawa kwenye mlima Mount Tom mwaka 1851. Zaidi ya miaka mia moja ikapita. Katika karne ya 20 watu walijaribu mara nyingi kuwarudisha kwa kufungulia msituni ndege waliolelewa kwenye mabanda, na wakashindwa karibu kila mara. Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Kifaranga wa bata mzinga hujifunza kwa mama yake. Sauti ya hatari ni ipi, unalala mti gani, chakula kiko wapi theluji ikifunika ardhi, yote hayo anayapata kwa kumfuata. Aliyeanguliwa kwenye mashine akalelewa na mtu hana elimu hiyo. Mbweha na bundi humaliza kazi.

Dawa ilikuwa kukamata ndege wa mwituni wenyewe, pale walipobaki, na kuwahamisha. Maofisa walimwaga mahindi mahali pamoja siku baada ya siku, wakakunja wavu mkubwa pembeni, na kundi likiinamisha vichwa kula, wavu ukarushwa kwa baruti ukawafunika kabla hawajaruka. Mwaka 1972 na 1973 ndege 37 waliletwa hivyo kutoka jimbo la New York wakaachiwa kwenye vilima vya Berkshire. Leo Massachusetts ina zaidi ya 30,000. Wale kumi na saba waliosimamisha basi wametokana na kazi hiyo, na mimi kila nikiwaona nawafikiria wale 37.

Nirudi kwa yule aliyekuwa anapigana na gari.

Kundi la bata mzinga lina ngazi. Madume wana yao, majike wana yao, na kila ndege anajua yuko chini ya nani na juu ya nani. Ngazi hiyo huanza mapema. Madume waliozaliwa pamoja hupigana wakiwa bado wachanga mpaka ijulikane nani mkubwa, kisha hukaa pamoja kama ndugu. Mtafiti Alan Krakauer alifanya kazi California na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005: ndugu hao huringa pamoja mbele ya majike, lakini anayepanda ni mmoja tu, mkubwa wao. Wadogo hawaambulii jike, wanafaidika kwa sababu damu inayoendelea ni ya ndugu yao, na ndani yake imo sehemu ya damu yao wenyewe. Nimeona ndugu watatu wakitembea bega kwa bega uani kwa watu, mikia imefunguka, ncha za mabawa zinaburuta chini, vichwa vinageuka kutoka nyekundu hadi nyeupe na buluu kwa muda mfupi sana. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuwaita ndege wajinga baada ya kuona hivyo.

Majira ya kuchipua ndiyo ngazi inapojaribiwa. Dume akiona mlango wa gari unaong'aa, humo ndani yumo dume mwenzake anayemkodolea macho na hataki kurudi nyuma. Basi anampiga. Ukifunika kioo cha pembeni kwa mfuko, au ukiegesha gari pengine kwa siku chache, mpinzani anatoweka.

Kwa mtu ni vigumu zaidi. Bata mzinga wa mwituni humwogopa binadamu, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini ukimlisha, woga unaisha, na woga ukiisha anaanza kukuhesabu ndani ya ngazi yake. Hapo anataka kujua uko juu yake au chini yake. Ukirudi nyuma, umemjibu. Ukimkimbia mpaka ndani ya nyumba, kesho atakusubiri mlangoni. Nilipofika kwa yule mama nilikuta punje za mahindi zimetawanyika kando ya ngazi za nyumba. Aliyepanga hapo kabla yake alikuwa amewalisha kutwa kucha majira yote ya baridi, kwa huruma tu, na deni likamwangukia asiyehusika.

Tulifagia mahindi yote. Tukaondoa chombo cha kulishia ndege wadogo, maana punje zinazodondoka chini zinatosha kuwaita. Nikamwonyesha namna ya kutoka nje: usimame wima, ufagio mkononi, uende kuelekea kwake, usisite. Mpira wa maji unafaa, na mwavuli ukifunguliwa ghafla unafaa vilevile. Humpigi wala humuumizi. Watoto nao wafundishwe wasikimbie. Kisha tulipita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani waache kulisha, kwa sababu nyumba moja ikiendelea, wengine wote wanafanya kazi ya bure. Wiki ya pili kundi likawa linapita mbali, kwenye ukingo wa msitu.

Aliniuliza pia kama wanaliwa. Wanaliwa, lakini kwa leseni na kibali, kwenye msimu uliowekwa, na si karibu na nyumba za watu.

Mkulima jirani yake alikuwa na malalamiko mengine, kwamba wamemmalizia mahindi. Tulikwenda kuangalia. Mabua yalikuwa yameangushwa na magunzi kutafunwa, na kwenye tope palijaa alama za vidole vya rakuni, mnyama mdogo wa mwituni wa huku. Rakuni na kulungu huja usiku. Bata mzinga huja mchana kuokota mabaki, akaonekana yeye. Alikuwa amepita kweli, kinyesi chake kilikuwepo: cha dume hujipinda kama ndoana, cha jike hujikunja kama konokono, kwa hiyo nikamwambia hata ni nani aliyekuja. Na wanaosema kwamba ndege hawa wanamaliza kupe, ni kweli wanawala, lakini msiache kukagua miguu ya watoto jioni.

Kuanzia mwezi wa nne majike huanza kutoweka mmoja mmoja. Kiota ni shimo dogo tu ardhini, chini ya kichaka au kwenye majani marefu, na mayai 10 hadi 12. Huatamia siku 28. Vifaranga huondoka kiotani karibu mara tu baada ya kuanguliwa, lakini kwa wiki mbili hivi hawawezi kuruka hadi mtini, hulala chini, ndani ya mabawa ya mama. Mvua ya baridi ikinyesha wiki hizo wengi hufa. Mashine ya kukata majani nayo huua, pamoja na jike mwenyewe, kwa sababu hatoki mpaka umemkaribia kabisa.

Jana yule mama amenitumia picha ya majani marefu nyuma ya banda lake. Nilitazama mara mbili kabla sijaona jicho. Nimemwambia asirudi pale na asimwonyeshe mtu. Hatujui jike ameanza lini kuatamia, kwa hiyo tumekubaliana majani ya upande ule hayatakatwa hadi katikati ya Julai.