Treni haina usukani, basi dereva anasomea nini?

"Si ipo juu ya reli? Inajiendesha!" Maneno haya nimeyasikia mara nyingi tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Yananiuma, kwa sababu mabehewa yote yaliyojaa watu yamo mikononi mwa mtu huyo.

Usukani kweli hakuna. Kona inakatwa na reli. Kazi ya dereva ni mwendo, na zaidi ya mwendo, kusimama. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki kama tairi kwenye lami. Kwa kilomita 160 kwa saa, treni inameza mita 44 kila sekunde, na hadi itulie itakuwa imekwenda kama kilomita nzima au zaidi. Ukishamwona ng'ombe mbele, umechelewa. Kwa hiyo mwanafunzi husomea njia yenyewe: mlima unaanzia wapi, mteremko unaishia wapi, taa ya ishara ipo baada ya kona ipi. Aijue usiku, aijue kwenye mvua. Akihamishiwa njia nyingine, anaanza kujifunza upya.

Wengine husema aliyezoea lori zito hatashindwa. Atashindwa na breki. Katika treni nyingi za mizigo, hewa iliyoshindiliwa ndani ya bomba ndiyo inayozuia breki zisikamate. Bomba likikatika, zinakamata zenyewe. Lakini ukiwa kwenye mteremko mrefu ukakamata na kuachia ovyo, hewa inaisha kabla ya mteremko, na hapo uzito wa mabehewa unakusukuma. Ustadi huo hupatikana kwa kukaa miezi mingi pembeni ya dereva mzoefu.

Ati ni kazi ya wanaume? Treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa Kenya mwaka 2017, madereva wanawake walikuwemo, wamesomea China. Linaloweza kumfungia mtu mlango ni macho: asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kuaminiwa na taa za ishara.

Na wanaodhani dereva anaweza kusinzia treni ikaendelea: vichwa vingi vya kisasa vina kanyagio ambalo lazima aliguse kila baada ya muda mfupi. Akinyamaza, kengele inalia. Asipoitikia, breki zinakamata.